Daftari la Tawi: Kumbukumbu za Mwalimu wa Ilula

Ninalo nyumbani kwangu daftari moja kubwa la jalada gumu, la aina ile ambayo sote tumezoea kuiita kaunta buku. Mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa katani, na karatasi zake zimegeuka rangi zikawa kama mabua ya mahindi baada ya mavuno. Ndani yake imeandikwa mihtasari ya mikutano ya tawi letu la wafanyakazi walimu, tangu mwezi Machi mwaka 1983. Mwandiko ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu. Jumuiya iliyolianzisha tawi hilo ilipofikia mwisho wake mwaka 1991, hakuna mtu aliyekuja kulidai daftari, nami sikupata moyo wa kulitupa.

Nimelifungua tena kwa sababu ya swali. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nakaribia kustaafu, tulikuwa katika kikao cha walimu, na kijana mmoja aliyetoka chuoni mwaka uliotangulia alisimama akiwa ameshika hati yake ya mshahara. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja wa makato, akauliza kwa adabu kabisa: "Waheshimiwa walimu wenzangu, chama hiki kinatupa nini?" Wakubwa tulitazamana. Mmoja wetu akasema chama ni umoja, na umoja ni nguvu. Kijana akashukuru akaketi, lakini niliona waziwazi kwamba hakujibiwa. Nami, niliyekaa katika vyama vya walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuwa na jibu lililo bora zaidi la kumpa.

Nianze na mahali penyewe. Ilula iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, baada ya gari kupanda mlima Kitonga na kabla ya kuufikia mji wa Iringa. Mbele kidogo, ukielekea Iringa, utapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Lakini msafiri wa leo haijui Ilula kwa vita. Anaijua kwa nyanya na vitunguu. Basi likisimama tu, madirisha yote yanajaa mikono na ndoo, na kando ya barabara matenga ya nyanya yamepangwa yakingoja malori. Miaka mingi Ilula ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Iringa Vijijini, na tangu mwaka 2002 imekuwa katika Wilaya ya Kilolo.

Nilifika hapo mwaka 1981, nikitokea Chuo cha Ualimu Mpuguso, kule Rungwe, ambako ndiko nyumbani kwetu. Nilikuwa na sanduku la bati, godoro la sufi na barua ya kupangiwa kazi. Nilijua neno moja tu la Kihehe, nalo ni "kamwene", na wazee wa kijiji waliponiitikia na kuendelea na mazungumzo nilibaki nikicheka kama mtoto. Hali yangu ilikuwa ndiyo hali ya walimu wengi wa wakati ule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeamua kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na utekelezaji wake mwaka 1977 ulifungua madarasa mengi kwa haraka mno. Madarasa yakataka walimu. Basi Serikali ikawatawanya vijana nchi nzima, Mnyakyusa kwa Wahehe, Mngoni kwa Wagogo, Msukuma kwa Wamakonde. Tulitumwa kujenga taifa, na hakika tulilijenga. Ila mtu aliyetumwa kujenga taifa naye huugua, huzaliwa watoto, hufiwa, na yeye mwenyewe hufa, na hayo yote yalitupata tukiwa mbali na ndugu zetu.

Hapa ndipo ninapoanza kuliona jambo ambalo kijana yule hakuambiwa. Daftari langu linaonyesha kwamba katika mikutano ya miaka ile ya themanini, ajenda iliyochukua muda mrefu kuliko zote haikuwa mishahara. Ilikuwa misiba. Mwalimu mwenzetu, mwenyeji wa Ukerewe, alifariki ghafula mwaka 1984. Hakuwa na mke wala ndugu katika mkoa mzima wa Iringa. Nani angemwosha? Nani angekaa matanga? Ni nani angepokea wageni na kusema "mimi ndiye mfiwa"? Katika muhtasari niliandika kwa lugha ya ofisi: "Wajumbe walikubaliana kwamba tawi ndilo litakalosimama mahali pa ndugu wa marehemu." Maneno hayo makavu yalikuwa na maana ya kwamba mwenyekiti wetu alilala chini, juu ya mkeka, siku tatu, kama afanyavyo kaka aliyefiwa na mdogo wake, na walimu wa kike walipika, na mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi ya michango. Wazee wa Kihehe walipoona hivyo walituletea unga na kuni, wakasema kumbe nanyi mna ukoo.

Sijui kama maneno hayo yalikusudiwa kuwa sifa au mzaha. Sisi tuliyapokea kuwa sifa.

Tawi hilo lilikuwa la Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, yaani JUWATA, iliyoundwa mwaka 1978 kuchukua nafasi ya NUTA. NUTA nayo ilizaliwa mwaka 1964, vyama vya wafanyakazi vilipovunjwa vyote na kufanywa chama kimoja baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka ule. Katika mpango huo mwalimu hakuwa na chama chake mwenyewe. Alikuwa mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi, pamoja na kuli wa bandarini na fundi wa kiwandani, na jumuiya yenyewe ilikuwa chini ya Chama Cha Mapinduzi. Wapo wanaoibeza leo. Mimi nasema ilitupa mambo fulani na ikatunyima mengine. Katika miaka ile ya uhaba, sukari, sabuni na betri za redio zilipopatikana kwa kibali, tawi ndilo lililobishana na wahusika ili mgao wa walimu usipotelee njiani. Lakini mshahara wetu ukichelewa miezi miwili, tawi liliweza kulalamika kwa sauti ya chini tu, maana aliyelalamikiwa na aliyepelekewa malalamiko walikuwa watoto wa baba mmoja.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Walimu wa Kenya walikuwa wameunda chama chao cha KNUT tangu mwaka 1957, na moja ya mambo waliyoyapigania hadi wakayapata ni kuajiriwa na chombo kimoja, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1967. Sisi tulingoja. JUWATA ilipofuatiwa na OTTU mwaka 1991, na nchi ilipoanza kuzoea siasa ya vyama vingi, walimu hatimaye walijitenga wakaunda Chama cha Walimu Tanzania, mwaka 1993. Nakumbuka habari hiyo ilitufikia kwa redio, na mwalimu mkuu wetu, mtu asiyependa makuu, alisema tu: "Haya, sasa tutajilaumu wenyewe."

Kabla sijaendelea, naomba kusema jambo juu ya mikutano yenyewe, maana naona haliandikwi vya kutosha katika vitabu vya utamaduni. Tunapotaja utamaduni tunataja ngoma, mavazi na vyakula. Mimi nadai kwamba mkutano wa tawi nao ni utamaduni, tena wa taifa zima. Kufungua mkutano, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, mengineyo, kufunga mkutano: mpangilio huu unakuta Ilula, unaukuta Tukuyu, unaukuta Tanga na Kigoma. Kiswahili chake hakikuletwa na kabila lolote. Watu waliokieneza vijijini ni walimu, kwa kuwa kila palipotakiwa katibu, awe wa ushirika, wa kamati ya maji au wa kanisa, aliyeitwa alikuwa mwalimu, naye aliitumia kanuni aliyojifunza katika tawi lake. Nimeona wakulima wa nyanya wakikataa kupitisha hesabu za kikundi chao kwa sababu akidi haikutimia. Neno "akidi" walilipata wapi?

Na ndani ya mpangilio huo, kila mzoefu anajua kwamba mambo yenyewe hasa hukaa katika "mengineyo". Watu hupitia ajenda kubwa kwa upole, hupiga makofi, kisha mwenyekiti akitamka "mengineyo" vidole vinanyanyuka. Hapo ndipo mwalimu anaposema kuwa nyumba yake inavuja, kuwa hajapandishwa daraja kwa miaka minane, kuwa fedha ya uhamisho haijalipwa tangu alipokuja. Nikilisoma daftari langu leo naona aibu kidogo. Ajenda kubwa niliziandika kwa kirefu. Chini ya "mengineyo" mara nyingi niliandika mstari mmoja: "Wajumbe walieleza matatizo yao mbalimbali. Mwenyekiti aliwashukuru."

Turudi kwenye swali la kijana. Yapo mambo ambayo chama hutoa na ambayo mtu anaweza kuyashika kwa mkono. Mwalimu akistaafu katika wilaya nyingi hupewa mabati ya kuezekea. Mwalimu akishtakiwa katika shauri linalohusu kazi yake, chama humtafutia mwanasheria. Ipo benki iliyoanzishwa kwa nguvu za walimu, iliyofungua milango yake Dar es Salaam mwaka 2016, ingawa sisi wa Ilula tuliendelea kukopa katika ushirika wetu wa akiba na mikopo, ambako tunafahamiana na ambako mwenye kuchelewesha rejesho anafuatwa nyumbani jioni. Siyadharau mambo hayo. Mabati ishirini si kitu kidogo kwa mtu aliyeishi katika nyumba ya shule maisha yake yote.

Jambo nililolikosa zaidi ni la kazi yenyewe. Nilidhani chama cha walimu kingekuwa pia mahali pa kunolea ufundi wa kufundisha, kama vile wahunzi wanavyotazamana mikono. Mwaka 1966 mashirika ya UNESCO na ILO yalipopitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, tarehe 5 Oktoba, ambayo ndiyo sasa Siku ya Walimu Duniani, yalizitambua jumuiya za walimu kuwa nguvu ya kuendeleza elimu na kutaka zishirikishwe katika kupanga sera zake. Huku kwetu ufundi huo tuliupata kwa kujitafutia. Kwa miaka kadhaa, walimu wa Hisabati wa shule nne tulikutana Jumamosi moja kila mwezi. Tulitengeneza maazimio ya kazi pamoja, tukabadilishana maandalio ya somo, tukakusanya vifuniko vya soda na vijiti vya kuhesabia. Mwalimu mmoja aliwafundisha watoto sehemu kwa kutumia tenga la nyanya: tenga zima, nusu tenga, robo tenga, na watoto wa Ilula, ambao tangu wakiwa wadogo wamewaona wazazi wao wakipunjwa na madalali wa nyanya, walielewa kwa siku moja jambo ambalo kitabu kilishindwa kulieleza kwa wiki nzima. Mikutano hiyo haikuwa na posho wala chai. Ilikufa mwenzetu huyo alipohamishwa. Serikali ilipotunga mwaka 2018 sheria ya kuunda Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, wengi walinung'unika kwamba ni ada nyingine. Mimi nilijiuliza kama tusingeiona ngeni hivyo iwapo sisi wenyewe tungeutunza ufundi wetu mapema.

Juu ya mgomo wa mwaka 2012 nitasema kwa ufupi. Ulianza Jumatatu tarehe 30 Julai. Chama kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia na posho ya mazingira magumu. Siku ya Alhamisi, tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliusimamisha. Katika miji kadhaa wanafunzi waliandamana wakidai wafundishwe. Shuleni kwetu hawakuandamana. Walifagia uwanja, wakamwagilia bustani, kisha wakaketi darasani wakingoja. Mwanafunzi mmoja wa darasa la pili alinijia nilipokaa chini ya mti akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi. Alisimama kidogo akinitazama, akarudi darasani. Nilikuwa naamini madai yetu ni ya haki, na bado naamini hivyo. Hata hivyo sijapata kuisahau sura ya mtoto yule.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Kati ya miaka hiyo nilikuwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya wanachama wa shuleni, kugawa fomu, kupeleka habari wilayani na kurudisha majibu. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Mbinga, mjane, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika kata. Huyu hakuwa mwanachama. Katika kituo chake cha zamani, mbali na Ilula, mweka hazina mmoja alikuwa amezila rambirambi za mumewe, naye akaapa kwamba hatajaza fomu ya chama chochote tena. Nilimpelekea fomu mara mbili, akairudisha mara mbili ikiwa safi, akaniambia: "Mwalimu, usinione mkaidi." Nikaacha.

Mwaka 2010 mama yake aliugua sana akapelekwa Hospitali ya Peramiho. Mwenzetu alimwomba ruhusa mwalimu mkuu wa wakati ule, naye akamruhusu kwa mdomo, kama tulivyozoea kufanyiana, kisha akapanda basi. Alikaa huko majuma matatu mpaka mama akazikwa. Aliporudi, mwalimu mkuu amehamishwa, na aliyekuja hakujua lolote juu ya ruhusa. Kanuni za utumishi wa umma zinasema wazi kwamba kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Hati ya mashtaka ikamfikia.

Alikuja kwangu jioni, baada ya magharibi, akiwa amejifunga khanga mbili za msiba. Aliniomba nimsaidie kuandika utetezi. Nami nilifungua orodha yangu mbele yake, nikapitisha kidole toka jina la kwanza hadi la mwisho, nikamwambia: "Mwalimu, jina lako halimo humu. Chama hakiwezi kukusemea." Nilisema kwa upole, hata nilimkaribisha chai. Aliinywa, akashukuru, akaenda zake.

Utetezi akauandika peke yake. Baadaye niliusoma. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu wa Kiswahili safi kabisa, na sentensi ya kwanza ilisema kwamba anaomba radhi kwa usumbufu wote aliousababisha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu mwenye adabu akiitwa na wakubwa huanza kwa kuomba radhi, hata kama hana kosa, ili mazungumzo yafunguke. Lakini karatasi ya mashtaka haina masikio ya adabu. Radhi yake ilisomwa kuwa ni kukiri. Habari ya ruhusa ya mdomo aliitaja mwishoni, kwa mstari mmoja, kwa sababu hakutaka kumtia mwalimu mkuu wa zamani matatani. Akafukuzwa kazi.

Mwezi mmoja baadaye alikuja tena, safari hii akitaka nimsaidie kujaza karatasi za mfuko wa pensheni. Alikuwa amefunga hati zake za mshahara za miaka mingi kwa utepe. Nilipokuwa nazifungua moja moja niliona, katika kila hati, mstari ule ule ulio katika hati zangu: asilimia mbili, makato ya chama. Nilidhani macho yananidanganya. Nikaleta ya kwangu nikaziweka pamoja. Zilifanana.

Maelezo yake niliyapata kesho yake, nilipopanda basi dogo kwenda kumwona kiongozi wetu mmoja wa chama. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe fedha, kwa hoja kwamba nao wanafaidi matunda ya majadiliano. Inaitwa ada ya uwakala. Sheria hiyo hiyo inaitaka fedha hiyo iwekwe mbali na nyingine na itumike kuendeleza na kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale. Kiongozi yule alinieleza haya bila kuinua sauti, kisha akaniuliza: "Kwani ulimwambia nini?" Nikamwambia nilichomwambia. Alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akasema muda wa rufaa bado haujaisha, nikamlete mwenyewe pamoja na kila karatasi aliyonayo.

Yaliyofuata yalichukua mwaka mmoja na miezi minne. Nilimfuata mwalimu mkuu wa zamani hadi kituo chake kipya, mwendo wa siku nzima, akaandika na kutia sahihi kwamba ni kweli alimruhusu. Hati za hospitali zilipatikana kwa taabu. Mwanasheria wa chama aliandika rufaa, na katika rufaa hiyo hapakuwa na neno radhi hata mara moja. Muda wote huo mwenzetu aliuza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu. Basi likisimama alikimbia na ndoo pamoja na wanawake wengine na vijana aliowafundisha kusoma. Wale vijana walimwachia dirisha la mbele. Hawakuacha kumwita mwalimu, na kuna siku dereva mmoja, aliyesikia wakimwita hivyo, alimwuliza anafundisha somo gani.

Rufaa ilikubaliwa, akarudishwa shule ile ile. Siku ya pili nilimpelekea fomu, nikidhani sasa mambo yamekwisha. Aliitazama, akaikunja vizuri, akaniambia: "Nitaijaza, Mwalimu, siku utakaponisomea katiba ya chama chako tangu mwanzo hadi mwisho. Nataka nione kama wewe mwenyewe umeisoma."

Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeitunza kabatini, ndani ya bahasha ya kaki. Tulikutana Jumamosi tatu ofisini kwa walimu, mimi nikisoma, yeye akiwa na kalamu nyekundu. Alisahihisha nukta na mikato. Alinisimamisha kila palipoandikwa "mwanachama" na kuniuliza: "Na asiye mwanachama anayekatwa, yeye yuko kifungu gani?" Mara nyingine nilipata cha kujibu. Jumamosi ya tatu aliijaza fomu kwa mwandiko wake ule, akaipepea ili wino ukauke.

Nilipostaafu mwaka 2019 walimu wa shule walimchagua yeye kuwa mwakilishi. Nilimkabidhi muhuri, fomu zilizobaki, bahasha ya kaki na orodha ya wanachama. Alipitisha kidole toka jina la kwanza hadi la mwisho, kama nilivyofanya mimi jioni ile. Kisha akaniuliza: "Na orodha ya pili?"

Nikamwuliza ni orodha gani.

"Ya wanaokatwa ambao hawamo humu."

Hapakuwa na orodha hiyo. Haikuwahi kuwapo. Alifungua droo akatoa karatasi yenye mistari, akaipiga rula, akaandika namba moja. Tulikaa pale tukiyakumbuka majina, mmoja mmoja, mpaka giza lilipoingia na mlinzi akaja kutuuliza kama afunge.